Juisi ya Lasmi na Homa Iliyoshuka

Mmenisumbua niandike, na mkono huu haujazoea kalamu. Nyie mliosoma mna kazi gani? Haya, namwandika mdogo wangu Lasmi, muuza juisi ya mapera mtaani kwetu Semarang, hapa Indonesia. Nilikuwepo, sikusimuliwa.

Masika homa ya dengi ilipoingia, kina mama walikimbilia kwake, wakiamini juisi ya mapera huiponya. Mapera yake yalikuwa mekundu ndani. Akiyasaga, harufu ilijaa uchochoroni hadi ukadhani homa yenyewe inasinzia. Kila aliyekunywa akapona, Lasmi alimchorea mstari wa chokaa ukutani. Ilifika sitini na tatu.

"Vitamini C hiyo, dada," alinitambia. "Nani atabisha?"

Pak Darsono, nesi wa zahanati, alicheka. "Na waliopona bila kunywa umewachora ukuta gani?"

"Kawachore wewe, si huna kazi!"

Kisha homa ikamshika mjukuu wa Lasmi, Wening, wa miaka sita. Siku tatu alichemka, akituonyesha samaki wanaoogelea darini. Siku ya nne mchana, mvua ikianguka kama nyuzi, homa ikashuka ghafla. Lasmi akarukia chokaa.

"Umeona? Glasi nane tu!"

Nikamgusa mtoto miguu. Baridi. Alitabasamu kwa mbali, kama anaitwa na wenzake ng'ambo ya mto.

"Lasmi, mtoto anakwenda huyu."

"Anapumzika. Usiniamshie mtoto kwa wivu wako."

"Sikukuomba ruhusa."

Nikamfunga mgongoni kwa kitambaa, na miaka yangu sabini na moja, nikaingia mvuani. Sikuhisi ardhi, nilihisi pumzi yake tu shingoni. Pak Darsono hakucheka tena. Alisema dengi huua hasa homa inaposhuka, maji ya damu yakivuja ndani kwa ndani. Akamtundikia dripu. Lasmi alifika amelowa, akakaa chini ya ile chupa akitazama matone kama mtu aliyelala macho wazi.

Kesho yake jioni Wening aliomba wali.

"Basi juisi yangu ni uongo?" Lasmi akauliza.

"Ni tamu," nikamjibu, "na mgonjwa lazima anywe. Ila nusura imzike huyu, maana ulikaa ukiisubiri imponye."

Alininunia wiki mbili. Siku hizi anauza bado, lakini hakupi glasi mpaka uape kwamba homa ikishuka utampeleka mtoto zahanati.

Nimemaliza. Sasa wewe uliyekaa ukisoma, inuka. Kwa jirani yako kuna mtoto ambaye homa imeshuka leo na wote wanafurahi. Kamguse miguu, kisha uniletee jibu.