Kadi Iliyokosekana Kwenye Herufi C

Watu wa kiwanda cha viatu walimwita mume wangu Maana, na kwa miaka mingi jina hilo lilinikera. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimestaafu kwa heshima zangu. Baba yangu alikuwa mkaguzi wa shule. Sikupenda mwenzangu aitwe barabarani kwa jina la utani kama mchezaji wa mpira. Yeye aliitika tu, akatabasamu, akaendelea na safari yake.

Alikuwa mtunza stoo. Ngozi, soli, nyuzi, misumari midogo na mapipa ya gundi vyote vilipita mikononi mwake kabla ya kwenda kwa mafundi. Shule yake ilikatika kidato cha pili, baba yake alipofariki na kumwachia mdogo wa kike wa kulea. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Wiki yake ya kwanza stooni alimkuta mpakiaji amekaa juu ya pipa anavuta sigara, na chini ya kisigino chake limeandikwa neno flammable kwa herufi nyekundu. Hakuna aliyejua maana yake, mume wangu akiwemo. Jioni alilitafuta kwenye kamusi kuukuu isiyo na jalada, akasoma kwamba ni kitu kinachoshika moto upesi, na chakula kikamshinda. Tangu siku hiyo hakukubali neno liingie stoo bila yeye kulijua.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi hiyo. Alikata kadi kutoka vifuniko vya maboksi ya viatu, kila kadi neno moja: maana yake, mahali alipoliona, tarehe, na chini kabisa aliandika "Tazama", kisha neno jingine linalohusiana nalo. Kadi alizipanga kuanzia A hadi Z ndani ya boksi la buti, na kati ya herufi na herufi aliweka soli ya ndani kama kizuizi. Maneno hayakuwa ya mapipa peke yake. Aliyaokota popote. Kwenye overtime aliandika: kazi unayoifanya chakula chako kikipoa. Kwenye quorum: watu wa kutosha kulaumiana. Kwenye widow, miaka mingi kabla ya wakati wake, aliandika: mwanamke aliyebaki na funguo.

Mwanzoni alikuwa akiniuliza mimi. Siku moja alitamka neno kombo mbele ya walimu wenzangu, nikacheka. Sikucheka sana, na yeye pia alicheka. Lakini hakuniuliza neno tena kwa miaka kumi na mmoja.

Mdogo wake, wifi yangu, alikuwa akifanya kazi kiwanda hicho hicho. Mume wangu ndiye aliyemwombea nafasi katika chumba cha gundi, ambako wanawake kumi na wanne walipaka soli kwa brashi kutwa nzima, madirisha yamefungwa ili vumbi lisinase kwenye gundi. Wifi alikuwa na ulimi. Alisema nyumbani kwangu hata nzi hubisha hodi kabla ya kuingia. Alinitania juu ya vitambaa vyangu vya viti na juu ya kalamu yangu nyekundu, nami nilimjibu kadiri ya elimu yangu. Tulipendana hivyo hivyo, kwa kuchokozana.

Jumapili moja alikuja kutusalimia, akaingia mpaka sebuleni, akaketi. Nilitazama miguu yake. Mmoja ulikuwa na ndara, mwingine mtupu. Ile ya pili ilikuwa imebaki nje kwenye ngazi, hatua sita nyuma yake, na yeye hakuwa na habari.

"Wifi, umeanza uzee mapema," nilimwambia. "Hata kiatu kinakukimbia."

Alicheka, akasema kiatu kimeogopa kuingia kwa Mwalimu bila miadi. Mume wangu hakucheka. Aliinuka, akaileta ile ndara, akapiga goti na kumvalisha mdogo wake. Niliona amekibonyeza kidole gumba cha mguu, kwa nguvu, huku akimtazama usoni. Wifi aliendelea kuzungumza.

Alipoondoka, nilikuwa mezani nasahihisha mitihani. Mume wangu alikuja akasimama kando yangu, ameshika karatasi aliyonakili maandishi ya pipa jipya la gundi. Miaka kumi na mmoja, na sasa amesimama kama mwanafunzi aliyetumwa kwa mwalimu mkuu.

"Mwalimu," alisema, "hili neno nimelisoma kwenye kamusi, lakini nataka nilisikie kwako. Cumulative. Kwa kitu kinachoingia mwilini, maana yake nini?"

Nilimweleza vizuri, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Nilisema ni kitu ambacho hakitoki. Leo kidogo, kesho kidogo, kinajilimbikiza, na siku ukiona dalili ujue kimeshajaa. Nikampa mfano wa mtungi chini ya bomba linalovuja. Alishukuru. Akakata kadi, akaandika, akaketi nayo mpaka chai ikapoa.

Jumatatu aliibandika kadi ile kwenye mlango wa chumba cha gundi, kwa pini nne. Kabla ya saa nne meneja alimwamuru aiondoe. Alimwambia kazi ya stoo ni kutoa na kupokea, si kufasiri. Mume wangu alirudi nyumbani mchana, kadi ikiwa mfukoni, akaniambia kesho ataibandika tena, na akiulizwa atawasomea wanawake kwa sauti.

Hapo ndipo nilipozungumza. Sitasingizia hasira wala woga wa ghafla. Nilizungumza nikiwa nimetulia. Nilimkumbusha kwamba binti yetu yuko mwaka wa mwisho chuoni kwa udhamini wa kiwanda. Kisha nikasema neno ambalo nilijua litamfunga.

"Mtunza stoo akifukuzwa, hakuna anayeuliza sababu. Watu watasema aliiba. Utabaki kueleza maana ya maneno, na sisi tutabaki na jina la mwizi."

Aliitoa kadi mfukoni, akaandika kitu mgongoni mwake, akairudisha kwenye boksi, herufi C. Haikubandikwa tena.

Alijaribu njia nyingine. Alimsihi mdogo wake aombe kuhamia kitengo cha kufunga mizigo, lakini hakumwambia kwa nini, na wifi alidhani kaka yake anamtafutia kazi ya vibarua. Akakaa kwenye gundi miaka miwili zaidi. Kwanza vikombe vilimponyoka. Halafu alianza kuinua magoti juu anapotembea, kama mtu anayevuka matope yasiyokuwepo, na wahuni wa mtaani wakamwiga. Baadaye alishika fimbo. Wenzake wanne walifuata mkondo huo huo. Mmoja wao hajatoka kitandani mpaka leo.

Mume wangu aliendelea kupokea mapipa na kuandika kadi. Nyumbani hakuongea sana. Shinikizo la damu lilimchukua asubuhi moja akivaa viatu, miezi minane iliyopita. Kiwanda kilituma shada na barua nzuri, na mazishi yalijaa watu. Nilisimama wima, jina letu halina doa.

Wiki iliyopita wifi alikuja. Alipanda ngazi zangu nne kwa muda ambao mtu angemaliza kula. Aliniambia yeye na wenzake wamekipeleka kiwanda mbele ya baraza la kazi. Kiwanda kinasema hakuna mtu pale aliyejua madhara ya gundi ile hadi mwaka jana. Akasema anakumbuka kaka yake aliwahi kubandika kadi mlangoni, asubuhi moja, lakini hakuna aliyewahi kuisoma vizuri kabla haijatolewa. Aliomba boksi.

Nilimwambia nitalitafuta, arudi Alhamisi. Boksi lilikuwa kabatini, ufunguo shingoni mwangu.

Alipoondoka nililifungua, nikaenda moja kwa moja kwenye C. Kadi ilikuwa na matundu manne pembeni. Mbele kulikuwa na neno, maana yake kama nilivyomweleza, na mstari huu: nimeelezwa na mke wangu, Jumapili, na tarehe. Nyuma aliandika: imebandikwa Jumatatu. Imetolewa siku hiyo hiyo kwa amri ya meneja. Kwa ushauri wa mke wangu, haikurudi.

Niliisoma mara tatu. Ikiwa ingefika barazani, ingemnasa meneja, na kwa pini hizo hizo ingetubandika sisi: kaka aliyejua, na mke msomi aliyemnyamazisha. Asubuhi ya Alhamisi niliitia kwenye moto wa jiko. Rangi ya kifuniko cha boksi ilitoa moshi wa kijani. Nikafungua madirisha yote.

Wifi alifika, akaketi, nikamwekea boksi mapajani. Alijaribu kuchomoa kadi, zikaja tano kwa pamoja, zikamwagika.

"Vidole havitofautishi tena moja na tano," alisema. "Nisomee, Mwalimu. Wewe ndiye mwenye sauti ya darasani."

Basi nikasoma, kuanzia A. Adhesive: kitu kinachonata, gundi. Chini: tazama cumulative. Nikaendelea na neno lililofuata. Wifi akanizuia, akaniomba nitazame huko kaka yake alikoelekeza. Nikapekua C mbele yake, taratibu, kama mtu anayetafuta kwa moyo mmoja. Nikamwambia haipo.

Nikasoma B, nikasoma C iliyobaki, nikaingia D. Drowsiness: usingizi usio wa kawaida, unaoletwa na mvuke wa pipa. Tazama cumulative. Kwenye F, fumes: moshi wa gundi, tazama kule kule. Nilijua kadi moja imetoka. Sikujua ni ngapi zinaielekea. Nilifika N, nikaona numbness: ganzi, kutohisi, kama mdogo wangu na ndara yake. Tazama cumulative. Kwenye "mdogo wangu" niliinywesha maji sauti yangu ya darasani, nikaendelea. Ningeweza kuruka mstari wa mwisho wa kila kadi. Sijui kwa nini sikuruka. Labda ni mazoea; miaka thelathini nimewaambia watoto wasome mpaka kwenye nukta.

Tulipofika V, kwenye vapour, yaani mvuke, ilikuwa mara ya tisa.

"Wifi," alisema, bila kupandisha sauti, "kaka alikuwa mtu wa stoo. Hajawahi kumtuma mtu kwenye rafu ambayo haipo."

Nilisema huenda panya. Akatabasamu, akasema panya wa nyumba hii lazima wawe na digrii, maana wamechagua kadi moja kati ya mia nne. Halafu tabasamu likaisha.

"Nitalipeleka hivyo hivyo, na pengo lake. Wataniuliza aliyelitunza ni nani, nami nitawatajia. Kamusi haiapishwi, wifi. Mtu ndiye anayeapishwa."

Alilifunga boksi kwa kanga, akalitundika begani, akashika fimbo, akateremka. Nilibaki mlangoni nikipanga maneno ya kuapia. Sikuwa na haja ya kusema uongo mkubwa. Kusema sikumbuki kungetosha, na nani angembishia mjane mzee aliyefundisha nusu ya mji huu? Nilikuwa nimeshauona uso wangu ukisema hivyo.

Ndipo nilipotazama chini. Kiatu chake kimoja kilikuwa kwenye ngazi ya tatu.

Barabara yetu inatengenezwa. Wamemwaga kokoto mpya, kali kama vigae. Alikuwa ameshafika kwenye kokoto. Nilimwona akiinua goti juu, akikanyaga kwa mguu mtupu, akiinua, akikanyaga, wala hageuki. Nilisimama. Ningependa kuandika kwamba nilimwita mara moja, lakini nilisimama, na alipiga hatua nyingi nikiwa nimesimama, nikijua kitu anachopaswa kukijua, mdomo umefungwa. Nilikuwa nimewahi kusimama hivyo. Safari ile ilichukua miaka miwili.

Nilikiokota kiatu, nikakimbia. Sijakimbia barabarani tangu nikiwa msichana. Vibarua wa barabara waliacha makoleo wakanitazama, jirani akatoka getini kwake, nami nikapita na kiatu mkononi na kichwa wazi.

Nilimkuta kwenye kona. Unyayo ulikuwa umechanika sehemu mbili, na nyuma yake kokoto zilikuwa na alama.

"Mwalimu umekimbia?" aliuliza. "Kuna nini?"

Nilimwonyesha mguu. Aliutazama kama anatazama mguu wa mtu mwingine. Nikapiga goti kwenye kokoto, nikaufunga kwa leso yangu, nikamvalisha kiatu, na nikiwa bado chini nikamwambia. Nilimwambia neno, maana yake, mfano wa mtungi, na tarehe ya Jumapili ile. Nikamwambia kilichoandikwa mgongoni mwa kadi, sentensi kwa sentensi. Nikamwambia na moshi ulikuwa wa rangi gani.

Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Alisogeza boksi begani, akatazama kule kiwanda kilipo, bomba la moshi likiwa linaonekana juu ya mabati.

"Baraza linakaa Jumatatu, saa tatu," alisema. "Vaa viatu vya chini. Ngazi za pale ni nyingi, na mimi wananibeba."

Leo ni Jumamosi. Nimeandika haya ili binti yetu ayasome kwa mkono wangu kabla hajayasikia kwa watu. Nimekata kadi mpya kutoka kifuniko cha boksi, nimeandika neno na maana yake kwa mwandiko ulionyooka kuliko wa baba yake. Matundu ya pini sikuyatoboa.