Moto wa Zizini

Pale kijijini, kwenye miteremko ya mlima Merapi, Karsono alisifika kwa maziwa. Alikuwa na ng'ombe watatu, na kabla ya kuwakamua aliwaosha viwele kwa maji ya uvuguvugu. Majirani walimtania, "Karsono, ng'ombe wako wanaoga maji moto kama bi harusi!" Akacheka. Alipenda kuambiwa hivyo.

Maji aliyachemshia zizini, kwa gesi ya samadi. Chama cha wafugaji kilimjengea shimo la samadi, fundi akaja na jiko na mpira wa kupitishia gesi.

"Jiko niliweke wapi, mzee? Jikoni kwa mama?"

"Weka zizini," Karsono akasema. "Chakula cha moto wa mavi atakila nani? Siku nikialika watu kwenye dua, si watanitemea?"

Mkewe, Sumirah, alikuwa mlangoni na mwanzi wake wa kupulizia moto. Fundi aliuzungusha mpira uliobaki, akautundika msumarini.

Miaka sita ikapita. Ng'ombe walikuwa na moto safi. Sumirah alikuwa na mafiga, macho mekundu, na kitambaa puani. Alikohoa mpaka watu wa nyumbani wakazoea, kama mtu anavyozoea jogoo wa jirani.

Kwa daktari aliulizwa, "Mama, unapikia nini nyumbani?"

Karsono akadakia. "Kuni, daktari. Gesi ipo, ila mwenyewe haitaki. Anasema wali haunogi."

Sumirah alimtazama mara moja, kisha akatazama ndara zake. Njiani hakumuuliza kitu. Laiti angemuuliza.

Sumirah alizikwa msimu wa mvua. Watu walipouliza kwa nini alipikia kuni, Karsono aliwapa maneno yale yale aliyompa daktari. Kila akiyarudia yalizidi kuwa mepesi mdomoni.

Siku ya arobaini majirani walikuja kumsomea marehemu. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, kuni zimelowa, na jikoni wanawake walikuwa hawaonani kwa moshi. Binti yake, Wuryani, alivumilia, akachoka. Alikwenda zizini, akabeba jiko, akautoa mpira msumarini na kuuvuta.

Ulifika. Kutoka zizini hadi kwenye mafiga ya mama yake zilikuwa hatua kumi na mbili.

Karsono alisimama uani akitazama. Hakukataza. Moyoni alisubiri watu waache chakula.

Dua ilipokwisha, sahani zikapita. Mzee Jumadi, aliyeongoza dua, alikula, akalamba vidole, akainua sahani.

"Wuryani, mwanangu, hapo chini hapajabaki ukoko?"

"Wa moto wa mavi, mzee!" Mama Lastri, jirani yao, akamtania.

"Mavi yalikuwa kwenye moto, mimi nakula wali. Lete."

Wakacheka wote. Mama Lastri aliinua sufuria.

"Hebu tazameni, haina hata doa la masizi! Ila Sumirah naye, Mungu amrehemu, alikuwa mkaidi. Moto huu upo uani, yeye anajikausha moshini kama samaki!"

"Mama bwana," Wuryani alisema, anacheka huku anafuta machozi. "Nilimwambia Baba ambembeleze. Baba akasema, mama yako hasikii la mtu."

Karsono alikuwa na tonge mkononi. Alilirudisha kwenye sahani. Kumcheka marehemu kwenye dua yake, kwa kosa lisilo lake! Angenyamaza, basi Sumirah angebaki mkaidi hadi mwisho wa dunia.

"Hakukataa," akasema.

"Nani, Baba?"

"Mama yako. Hakuulizwa. Mimi ndiye niliyekataa."

Mzee Jumadi aliweka sahani chini. Wuryani alimkabili baba yake.

"Na kwa daktari ulisemaje?"

"Nilidanganya. Mbele ya mama yako."

Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Mama Lastri aliishusha sufuria taratibu, akaanza kuisugua, na ilikuwa safi.

Wuryani alikwenda jikoni, akabandika birika la chai ya wageni. Karsono alibaki kwenye mkeka. Kutoka pale aliuona moto, mdogo, wa buluu, na bintiye ameinama juu yake, hakohoi.

Kisha akainamisha uso, na hakuweza kuuinua hadi watu walipoondoka.