Lori la Chumvi Lililokimbiza Lyamkena

Lori lilipoingia Lyamkena asubuhi ile, kijiji kizima kilikimbia.

Si masihara. Wanawake waliacha vyungu motoni. Wazee wanaolalamikia magoti kila siku walionekana wakiruka mitaro kama swala.

Akabaki Tabea peke yake, kasimama mlangoni mwa duka jipya la ushirika, mdomo wazi.

"Mama, hapa pana msiba?" akauliza Sila, dereva.

"Pana duka," Tabea akajibu. "Wenyewe sijui wamekumbwa na nini. Nisubiri. Usishushe hata gunia moja."

Enzi hizo Mwingereza bado anatawala. Ukitaka chumvi, sabuni au mafuta ya taa, unakwenda njia panda ya Makambako kwa Kornelio. Duka lilikuwa hilo hilo. Akiamka vibaya, anakufungia mlango usoni. Masika anaficha chumvi mpaka watu wanaungia mboga majivu.

Tabea alichoka. Akapita nyumba kwa nyumba kuwashawishi watu. Wakatoa maharage, wakatoa ngano, wakafyatua matofali kwa mikono yao. Duka likasimama.

Leo mzigo wa kwanza umefika, wenye duka wako porini!

Damu ikamchemka. Adui alimjua. Akajifunga kaniki kiunoni, huyo, Makambako.

"Umewaambia nini watu wangu?" akamvaa Kornelio mbele ya wateja.

Kornelio akaweka kibaba chini. "Tabea, duka lenu silipendi, sikatai. Lakini uvumi huo nimeusikia tu, si wangu. Kaulize nyumbani kwako."

Nyumbani kwako!

Maneno yale yalimchoma njia nzima. Nyumbani aliishi na mtu mmoja tu: Idda, mama mkwe wake.

Akamkuta kajibanza nyuma ya zizi.

"Mama, ni wewe?"

Bibi hakukana. "Nimewaambia ni lori la manamba. Kila aliyeandika jina ushirika atapakiwa, apelekwe Tanga kukata mkonge."

"Kwa nini, mama?"

"Mikaeli alituambiaje? Si alisema anaandika jina tu? Kesho yake lori likaja. Wewe mwenyewe ulimfungia chakula cha njiani. Umemwona tena?"

Mikaeli alikuwa mume wa Tabea. Tangu aondoke, wanawake hawa wawili walikula chungu kimoja bila kulitaja jina lake.

Tabea akaketi chini, pale pale kwenye samadi. Wakalia.

Baadaye akauliza, "Mama, sasa unataka nini?"

"Nataka nilione likiondoka tupu."

Wakaenda dukani. Sila akashusha magunia, bibi kamkodolea macho. La mwisho liliposhuka, Idda akapanda nyuma ya lori mwenyewe. Akafunua turubai. Akapapasa kila pembe, kama anatafuta mtu.

Akashuka. "Haya, nenda."

Lori likaondoka. Bibi akalitazama mpaka vumbi likatulia kule bondeni. Ndipo watu wakaanza kuchomoza vichakani, mmoja mmoja, wakijipangusa majani na kuoneana haya.

"Mnasubiri nini?" Idda akawafokea. "Nimewadanganya, nisameheni. Pangeni mstari. Wa kwanza mimi!"

Mikaeli hakurudi.

Ila duka lile lilimpata muuzaji, naye hakuwa mwingine ila Idda. Miaka yote, kila lori lililoleta mzigo halikutoka Lyamkena kabla bibi hajapanda kukagua. Madereva walizima injini, wakamsubiri. Hakuna aliyemcheka.

Ndugu yangu, mtu akikupinga katika jambo jema, usiwahi kumwita adui. Muulize kwanza anauguza nini.