Fundi wa Karasha Aliyefundisha Watoto Kutazama

Habari ya kifo chake niliipata kwa mpwa wangu, Jumatatu asubuhi, kabla sijanywa chai. Alisimama mlangoni akiwa na sare za shule na begi mgongoni, akaniamkia, kisha akasema, "Mjomba, Sensei amefariki." Nikamuuliza nani kamwambia, maana mimi ni mtu wa kuuliza hata pale ambapo jibu halibadilishi kitu. Akasema wameambiana watoto wenyewe, na mama yake amempigia simu mke wa marehemu, ni kweli. Kisha akauliza kama bado anatakiwa kwenda shule. Nikamwambia aende, na alipokwisha kupinda kona ndipo nilipotambua kwamba nilimjibu hivyo kwa sababu nilitaka kubaki peke yangu.

Marehemu alikuwa fundi wa karasha hapa Katoro. Kwa msomaji aliye mbali na dhahabu, karasha ni mashine inayosaga mawe yanayotoka mashimoni hadi yawe unga, na fundi wake huishi ndani ya vumbi la mawe hayo. Siku sita alikuwa na spana mkononi na kitambaa kilichofungwa puani, kitambaa ambacho yeye mwenyewe alisema kinazuia nzi tu. Jumamosi alioga, akavaa suti nyeupe ya karate iliyokwisha kufifia magotini, akafungua ghala la zamani la pamba nyuma ya soko na kufundisha watoto wa mtaani kwetu. Watoto walimwita Sensei, kama waitwavyo walimu wa karate, watu wazima tulimwita Fundi. Kilichomuua ni kifua. Mtu aliyewaambia watoto kila Jumamosi kwamba kila kitu kinaanza na pumzi, miaka yake miwili ya mwisho alikuwa akitoa amri moja, anapumzika, ndipo anatoa ya pili. Nasikia uchovu kuandika hili, kwa sababu si fundi wa kwanza wa karasha kufa hivyo, na msibani tuliambiana kwamba ni kazi ya Mungu.

Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii huenda mnakumbuka kwamba niliwahi kumwandika, bila kumtaja. Dada yangu alimwacha binti yake, huyu mpwa wangu, kijijini kwa wazazi wetu kwa miaka kadhaa wakati akijipanga hapa mjini, kisha akamleta akiwa na miaka tisa. Mtoto alikuwa hasemi. Darasani akiulizwa anatazama sakafu, dukani akitumwa anarudi bila kitu kwa sababu aliona aibu kuita muuzaji. Dada akasikia kwamba karate inawapa watoto kujiamini, akampeleka. Mimi nikaenda Jumamosi moja kuona kinachouzwa. Nilikuta watoto kama ishirini wanaanguka. Saa nzima walikuwa wanaanguka tu juu ya magunia yaliyoshonwa pamoja, wanapiga mkono chini, wanainuka, wanaanguka tena. Nikamsubiri Fundi amalize.

"Unajuaje kwamba ni karate ndiyo inayowapa ujasiri?" nilimuuliza. "Huenda wanaobaki hapa walikuja nao tayari, na waoga wote walikimbia wiki ya kwanza."

Akacheka, akakohoa. "Wewe ndiye mjomba msomi?"

"Ndimi."

"Basi mimi sijui. Mimi ni fundi. Mashine ikija haiwaki, ikaondoka inawaka, mwenyewe haniulizi kama ingewaka bila mimi."

"Mtoto si mashine."

"Eeh," alisema. "Ndiyo maana nimekwambia sijui."

Nilirudi nyumbani nikaandika safu ya kejeli. Nilisema tunawavisha watoto nguo nyeupe na kuita hilo malezi, na kwamba mzazi anayenunua ujasiri wa saa mbili kwa wiki ana haki ya kuuliza ushahidi. Nilipongezwa sana. Wiki iliyofuata nilikutana naye stendi, akaniambia, "Nimeisoma. Umeandika vizuri. Ila ulikuja mara moja tu." Akaniuliza habari za nyumbani, tukaachana. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano, na kukosa mabishano kulinisumbua kuliko kama ningeshindwa.

Miezi michache baadaye, likizo ya Desemba, tulikwenda kijijini kwetu, kwenye njia ya kuelekea Chato. Kwetu mtoto wa kike anamwamkia mkubwa akiwa amepiga magoti, macho chini. Mpwa wangu alikuwa amejifunza kwa Sensei kwamba kabla ya lolote unasimama wima, unamtazama mtu usoni, unatoa sauti. Baba yangu alikuwa ameketi nje anachonga mpini wa jembe. Mtoto akasimama mbele yake, miguu sawa, akamtazama machoni, akasema kwa sauti ambayo jirani aliisikia, "Shikamoo babu."

Baba aliweka panga chini. Hakuitika. Akamgeukia dada yangu. "Nani kamfundisha huyu kunitolea macho?"

Dada akaeleza habari ya mazoezi. Baba akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema mtoto hatarudi Katoro. Atabaki hapo, atasoma shule ya pale pale, na hiyo kalate yenu mtaifanya wenyewe. Nilimfahamu baba, hakuwa anatishia. Mtoto alikuwa amesimama palepale, shikamoo yake haijaitikiwa, na nikaona kidevu chake kikishuka kidogo kidogo, kama kilivyokuwa siku alipoletwa mjini. Na mimi, mjomba msomi, mtu wa kuhoji kila kitu, nilisema nini? Nilisema, "Niliwaambia mapema." Dada yangu alinitazama kwa namna ambayo sitaki kuieleza hapa.

Dada ndiye aliyempigia Fundi simu. Kesho yake saa nne asubuhi pikipiki ikaingia uani, naye akashuka amejaa vumbi la barabara, amevaa shati la mikono mirefu. Nilitegemea atajitetea. Alitembea hadi hatua chache mbele ya baba, akachutama, macho chini, akapiga makofi ya taratibu na kuamkia kwa Kisukuma, salamu yote ndefu, ya mtu na ya ukoo na ya ng'ombe na ya mvua. Baba akaitikia kila kipande. Mpwa wangu alikuwa mlangoni mwa jiko anaona. Mtu mwenye mkanda mweusi, ambaye watoto ishirini walinyamaza akiinua kidole, alikuwa amechutama kwenye vumbi mbele ya babu yake.

"Mzee, nimekuja kwa kosa langu," alisema. "Mtoto hana kosa. Nilimfundisha kuinua macho, sikumfundisha wakati wa kuyashusha. Nimefundisha nusu."

Baba akamuuliza, "Ayainue kwa nani, ng'wanone, mwanangu, na ayashushe kwa nani?"

"Kwako ayashushe, kwa kuwa anakupenda. Mtu anayetaka kumdhuru, amtazame."

"Atawajuaje? Wanaodhuru watoto si ndio wanaoheshimiwa?"

Fundi akafikiri. Nilimwona anafikiri kweli, hatafuti neno la kumridhisha mzee. "Hapo sijui, mzee. Hapo labda unisaidie."

Nadhani ni neno hilo lililomlegeza baba, kuombwa msaada na mtu aliyetoka mbali kwa pikipiki. Akauliza wanafanya nini hasa huko ghalani. Akaambiwa wanaanza kwa kujifunza kuanguka.

"Kuanguka?" baba alisema. "Mnamtoa mtoto nyumbani akaanguke? Ndama wangu wanaanguka kila siku na hawana mwalimu."

"Wanainuka vizuri?"

"Wengine."

"Basi mimi nafundisha hao wengine."

Baba akacheka puani, jambo ambalo hutokea kwa nadra. Akamwita mjukuu wake. Mtoto akaja, akapiga magoti, akashusha macho, akaamkia upya, na safari hii baba akaitikia marahaba. Kisha, kabla hajaambiwa ainuke, babu yake akamwambia, "Haya, nitazame sasa nikuone." Mtoto akainua macho. Walirudi Katoro pamoja, yeye na mama yake, tarehe ileile waliyokuwa wamepanga. Mimi nilibaki siku mbili zaidi kwa kisingizio cha kusaidia shamba.

Najua msomaji anasubiri niseme kwamba binti alikuja kumpiga mtu teke. Hakumpiga mtu. Mwaka jana, akitoka shule, dereva wa bodaboda alisimama akamwambia panda, mama yako amenituma. Mji wa dhahabu una wageni wengi na hadithi kama hiyo kila mzazi anaijua, na nyingine haziishi vizuri. Tulielezwa na mama anayeuza maandazi pale kona. Alisema mtoto alirudi hatua mbili nyuma, akamtazama yule mtu usoni, akasema, "Sipandi. Mama hajakutuma," kisha akaanza kusoma namba ya pikipiki kwa sauti, mara ya kwanza, mara ya pili, hadi watu wakageuka. Yule mtu akaondoka. Mtoto alifika nyumbani akaomba uji. Nilipomuuliza baadaye kama aliogopa, alisema aliogopa sana, miguu ilikuwa inatetemeka, lakini Sensei aliwaambia miguu inaruhusiwa kutetemeka.

Je, angefanya hivyo bila karate? Sijui. Sina mpwa mwingine, wa umri uleule, niliyemwacha bila mazoezi ili nilinganishe. Nimeona pia watoto waliopita mikononi mwa Fundi wakawa wakorofi, mmoja alikuwa anawapiga wadogo zake kwa mbinu za Jumamosi, na Fundi mwenyewe alimsimamisha. Kwa hiyo siwezi kuwaambia wazazi kwamba mkanda unaleta tabia njema. Ninachoweza kusema ni kidogo zaidi. Tunasema tunataka watoto wanaojiamini, lakini siku nzima tunawatuza wakinyamaza. Anayeuliza darasani anaambiwa mjuaji, anayejibu nyumbani anaambiwa hana adabu, kisha tunashangaa kwamba hana sauti siku anayoihitaji. Tunamtafuta fundi mmoja atutengenezee Jumamosi kile tunachokivunja kuanzia Jumatatu. Na fundi huyo tunamwacha ale vumbi siku sita bila hata barakoa ya maana.

Tulimzika Jumatano. Watoto walikuja na suti zao nyeupe, wakakaa chini mstari mmoja, vumbi jekundu likapanda hadi magotini. Wasemaji walikuwa wengi. Mmoja, ambaye sikuwahi kumwona ghalani hata siku moja, alisema marehemu amejenga taifa la kesho, nami nikatazama viatu vyangu kwa sababu nilikuwa nimefika ghalani mara moja zaidi yake. Ghala lenyewe limeshapata mpangaji anayetaka kuweka mahindi. Sijui kama darasa litaendelea, na sioni anayejua.

Baada ya mazishi mpwa wangu alikwenda kwa mama wa marehemu, bibi aliyekuwa ameketi mkekani, akapiga magoti, akashusha macho, akampa pole kwa Kisukuma. Bibi akamshika mikono muda mrefu. Kisha mtoto akaja nilipokuwa nimesimama pembeni na wanaume wengine.

"Mjomba, utamwandika?"

"Nitamwandika."

"Kama ile ya kwanza?"

Sikujua kwamba aliisoma. Ana miaka kumi na miwili sasa, bila shaka anasoma kila kitu. Nikamwambia sitaandika kama ile.

"Utasema ulikuja mara moja tu?"

Alikuwa ananitazama machoni, wima, bila ukorofi wowote, akingoja jibu kama mtu mwenye haki ya kulipata. Safari hii niliyeshusha macho ni mimi.

Kwa hiyo naandika. Nilikwenda ghalani mara moja, nikaandika kana kwamba nimekaa mwaka. Kijijini nilipopata nafasi ya kumtetea mtoto, nilichagua kuwa sahihi. Maswali niliyouliza bado nayauliza, lakini namna nilivyoyauliza ilikuwa kosa, na kosa ni langu. Hilo ndilo nililojifunza kwa Fundi, nalo si la karate: mtoto hujifunza kusimama kwa kumwona mkubwa anayemheshimu akichutama na kusema nimekosea, kisha akainuka akiwa bado ni mtu. Nimempa mpwa wangu asome kabla sijaituma gazetini. Amesoma hadi mwisho, akanirudishia, akasema neno "ghala" nimelirudia mno. Nimeliacha. Amesema na hilo sawa.