Mkwe Anaomba Kukaa

Wapo watu ambao ukiwaona tu unajua hawana haraka na dunia, na Bakili fundi wa miguu ni mmoja wao. Karakana yake iko Msamala, nyuma ya maduka ya mbolea, na humo ndani miguu imeegemea ukuta bila wenyewe: mirefu, mifupi, ya watoto, na mmoja umevalishwa soksi, sijui kwa nini. Anatengeneza viungo bandia. Wanamjia waliogongwa na pikipiki, wanamjia waliokatwa kwa sababu ya kisukari, wanamjia wakulima wa Maposeni ambao hawataki mguu wa kwendea kanisani tu, wanataka mguu utakaoingia shambani wakati wa matope. Bakili huwasikiliza, hupaka plasta, hupima, hukata, hujaribisha, halafu hukata tena. Ukimharakisha anakuvutia kiti ukae.

Kwao ni Mangochi, Malawi. Aliletwa Songea akiwa kijana mwembamba na shirika dogo la wafadhili lililokuwa linatafuta fundi wa kazi hiyo likamkosa hapa nchini. Vibali vyake vyote vilishughulikiwa na shirika, na yeye hakuwa na kazi navyo zaidi ya kutia saini anapoonyeshwa. Akazoea baridi ya Songea, akazoea watu, na kwa kuwa ni Myao na anasema Kiyao, watu wakamweka moja kwa moja kwenye fungu la wale wa Tunduru. Hakuwahi kuficha kwao. Aliyeuliza alijibiwa, ila waliouliza ni wachache mno.

Ndoa nayo ilitokea karakanani. Mzee mmoja wa Tunduru alihamia Songea kwa matibabu, akakatwa mguu, akaja kwa Bakili akisukumwa na binti yake Zuhra. Mzee aliondoka na mguu, na Bakili akabaki na Zuhra kichwani. Walipooana, mambo yakaenda Kiyao: mume ndiye aliyehamia kwa mke. Bakili akajenga nyumba yake ndani ya kiwanja cha wakwe, akalima shamba la mama mkwe kabla ya kulima lake, akaziba paa la mama huyo kabla ya kuziba la kwake. Mzee alipofariki, kiwanja kikabaki kwa mjane wake, Bi Mwanaheri, mama mfupi mwenye msimamo ambao hata mbuzi wake wanaujua.

Sasa kuna jambo moja lazima ulielewe. Kwa watu hawa, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawakai kiti kimoja, na mama mkwe halitamki jina la mkwe wake hata nyumba ikiwaka moto. Maneno yote yanapita kwa binti. "Mwambie mumeo kuni zimekwisha." "Mwambie mama nimeleta." Miaka yote hiyo ndivyo walivyoishi, na waliishi vizuri sana. Kisamvu cha karanga kilikuwa kinavuka uani kila Ijumaa kutoka jikoni kwa Bi Mwanaheri, kimefunikwa sahani, hakina salamu, lakini kila mtu alijua ni cha nani.

Basi mwaka juzi shirika likatangaza kwamba linafunga kazi zake Songea. Mashine wakamwachia Bakili, na wagonjwa nao wakamwachia. Kitu kimoja tu hawakuweza kumwachia, nacho ni kibali, maana kibali kilikuwa chao. Siku kitakapoisha muda, Bakili anatakiwa aondoke nchini, au awe ameomba ukaazi wa muda mrefu kwa jina lake mwenyewe, kama fundi mwenye ujuzi wake. Wapo waliomwambia, "Sasa shida nini, si urudi Malawi ukaanze upya?" Watu wasiowahi kuhamisha hata kabati wanapenda sana kusema hivyo. Watoto wako Songea, mke yuko Songea, na kuna watu mkoa mzima wanaotembelea miguu ambayo ni yeye tu anayejua kuirekebisha. Bakili aliogopa, na hakuona haya kumwambia Zuhra kwamba anaogopa.

Akaanza kwa Mzee Romwaldi, mwenyekiti wa mtaa, Mngoni mcheshi mwenye sauti inayofika barabarani.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba, Che Bakili, kaa hapo. Nimeshasikia. Hilo lako ni dogo. Wewe si Myao?"

"Ni Myao."

"Wayao si wa Tunduru?"

"Wako Tunduru, wako Msumbiji, na sisi wengine tuko Malawi."

"Hao wengine waache. Nakuandikia kwamba umezaliwa Tunduru, mtaa mzima utatia saini. Nani hapa hakujui? Unaomba kukaa, kwani sasa hivi umesimama?"

Hebu fikiria. Watu wako tayari kuidanganya serikali kwa sababu wanakupenda! Bakili alicheka, akaomba apewe muda wa kufikiri, akarudi nyumbani na kichwa kizito. Zuhra alimsimulia mama yake uani, na Bakili, aliyekuwa anaosha miguu nyuma ya ukuta, akasikia yote.

"Mwambie mumeo asihangaike," alisema Bi Mwanaheri. "Wakiuliza mama yake nani, waje kwangu. Nitasema nimemzaa mimi."

"Mama! Kwa hiyo mimi nimeolewa na kaka yangu wa tumbo moja?"

"Hao wa ofisini watajuaje?"

"Jina lako si limo kwenye cheti changu cha kuzaliwa? Na kwake litakuwamo hilohilo."

Bi Mwanaheri akakaza kanga yake. "Basi wewe nitasema nilikuokota."

Zuhra alicheka mpaka akashika mlango. Bakili naye alicheka kule aliko, maji yakammwagikia. Lakini kicheko kilipokwisha alibaki amekaa juu ya ndoo, kwa sababu alijua yule mama hafanyi mzaha. Angekwenda kweli, na angesema hivyohivyo.

Asubuhi akampa Zuhra ujumbe. "Mwambie mama nashukuru sana, na sitasahau. Lakini mimi nina mama. Yuko Mangochi, haoni tena, ananijua kwa sauti tu nikipiga simu. Nikiandika kwamba sikutoka kwake, nitakuwa nimemzika angali hai. Halafu uongo huo ukigundulika nafukuzwa, na nikifukuzwa hivyo sirudi tena."

Ujumbe unaopita kwa mtu wa tatu, hata mtu huyo akiwa mke mwema, hufika umepungua. Kati ya maneno yote yale Bi Mwanaheri alisikia moja tu: amejitolea kuwa mama wa mtu, na mtu amemkataa. Ijumaa ile kisamvu hakikuvuka uani, wala Ijumaa iliyofuata. Zile "mwambie mumeo" zikakatika kabisa, na kuni zilipokwisha akaenda kuomba kwa jirani.

Bakili aliumia. Angekuwa mtu wa kwenda kumwangukia mama mkwe miguuni angekwenda, lakini mila haimruhusu hata kusimama mbele yake. Akaendelea na maombi yake kwa ukweli. Mzee Romwaldi alimwandikia barua ya mkazi mwenye asili ya Malawi, akaigonga muhuri shingo upande, akisema hajawahi kuona mtu anayekataa urahisi namna hii. Vyeti vya ufundi vikapatikana, picha zikapigwa. Kisha ofisi ya Uhamiaji ikamwita kwa mahojiano, na kwa kuwa anaishi kwenye kiwanja kisicho chake, ikataka mwenye kiwanja aje pia, aeleze kwa kinywa chake anamfahamu mwombaji vipi.

Zuhra akaenda kumbembeleza mama yake. Alipata neno moja tu. "Nitakwenda."

"Utasema nini, mama?"

"Nitakwenda, nimekwambia."

Unaona hapo palivyokaa. Akisema "mwanangu", maelezo yote ya kweli ya Bakili yatageuka uongo mbele ya afisa. Akisema "simjui vizuri", ndiyo mwisho. Na hapakuwa na mtu wa kumuuliza zaidi, maana Bi Mwanaheri akifunga mdomo amefunga.

Jumanne ile walikwenda watatu. Afisa alikuwa dada mmoja anaitwa Benigna, mpole, aliyemwamkia mama shikamoo kabla ya kufungua jalada. Aliwaonyesha benchi. Bakili akakaa mwisho wa huku, Bi Mwanaheri akaenda kukaa mwisho wa kule, akavuta kanga mpaka shavuni na kumpa mkwe wake bega. Zuhra akabaki katikati. Benigna akaweka kalamu chini.

"Samahani, kuna ugomvi hapa?"

"Hapana, dada," Zuhra akawahi. "Ni heshima. Huyu mkwe wake. Kwetu hawatazamani."

Lakini ugomvi nao ulikuwepo, na Zuhra alijua, na sauti yake ilimsaliti kidogo. Benigna aliwatazama wote watatu, akamgeukia mama.

"Basi mama, nitasikiliza kutoka kwako mwenyewe, si kwa binti. Huyu bwana ni nani?"

Bakili alitazama sakafu. Kabla mama hajajibu, mawazoni akafunga virago mara mbili, akawaaga watoto, akashuka kituo cha Mangochi akiwa na mashine zake kwenye magunia.

"Huyu ni Bakili," alisema Bi Mwanaheri.

Zuhra aligeuka ghafla kama aliyechomwa sindano. Tangu aolewe hakuwahi kulisikia jina hilo likitoka katika kinywa kile.

"Ni Bakili, mtoto wa yule mama Abiti Mustafa, wa Mangochi. Si mwanangu. Nilitaka nije hapa niseme ni mwanangu, akanikatalia, akasema ana mama yake. Nikakasirika, sikufichi, nilikasirika sana. Halafu nikakaa nikawaza. Mimi nina mtoto wa kiume, Daimu, yuko Nampula, kule Msumbiji, na watu nisiowajua. Huko aliko, wakimwambia anikane ili akae vizuri, nataka naye akatae."

Benigna hakuandika kwanza. Aliuliza polepole, "Kwa hiyo mama, kwako ni mgeni?"

"Ni mgeni. Amejenga, amelima, amemzika mume wangu, na ni mgeni."

"Na anaomba kukaa. Wewe unaonaje, akae hadi lini?"

Bi Mwanaheri alishusha kanga kutoka shavuni. Akageuka mzima mzima kwenye lile benchi, akamtazama mkwe wake usoni, mchana kweupe, mbele ya serikali.

"Huyu mgeni wangu," alisema. "Sijamwambia aondoke."

Bakili alilia. Mtu mzima na mvi zake alilia pale ofisini, akijifuta kwa kiganja, na hakuna aliyemwambia nyamaza. Benigna aliandika maneno yale kama yalivyosemwa, akamsomea mama, mama akaweka dole gumba. Kibali chenyewe kilitoka baadaye, kabla mahindi hayajakauka shambani, na Mzee Romwaldi alitembea nacho nyumba hadi nyumba akijisifu kwa barua yake. Lakini ukimuuliza Bakili ni lini hasa aliruhusiwa kukaa Songea, hatakutajia tarehe iliyo kwenye karatasi. Atakutajia Jumanne ile.