Nduma Zangu Zilivyotikisa Kanisa

Chekeni tu, lakini siku hiyo hakuna aliyenifikia. Kazi yangu ni kutunza mabwawa ya kusafisha maji taka hapa Embu. Kando ya bwawa la mwisho nilipanda nduma, yaani magimbi, na Jumapili ya mavuno nikazipeleka kanisani, zimenona kama paja langu. Baada ya ibada mazao yaliponadiwa, watu walizipigania hizo nduma huku wakipandishiana bei. Nilikaa kama gavana.

Mchungaji akaniita mbele. "Baba Wanja, hebu tuambie siri!"

"Ni bidii tu, pasta," nikasema, kifua mbele. "Na maji hayakatiki."

Mke wangu akanikonyeza niketi. Nikampuuza, nikatoa simu ili picha ya shamba ionyeshwe kwa skrini. Nikatokea ukutani, mkubwa kuliko msalaba, nimekumbatia nduma. Vigelegele! Nikainua mikono yote miwili.

Mama aliyenunua nduma kubwa kabisa akasimama ghafla, akaanza kusoma kwa sauti kibao kilichokuwa nyuma yangu kwenye picha, nilichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu:

"Maji taka. Usile chochote kinachomea hapa. Kwa amri ya Baba Wanja."