Besi Iliyotoka Kitandani

Basi letu lilikufa Buhongwa, mji wa Mwanza ukiwa karibu kabisa. Dereva aliingia chini ya gari, akatoka na mikono myeusi, akatangaza kwamba gia-boksi imekwisha na nyingine itafuatwa kwa mwenye basi, Shinyanga. Waliokuwa wakiishia mjini walibeba mizigo yao wakaenda. Mimi nilikuwa nimelipa nauli mpaka Musoma, na Buhongwa sikuwa nikimjua mtu. Nikakaa kwenye jiwe kando ya barabara, nikasikia randa ikipita juu ya mbao nyuma ya nyumba ya kwanza, na mtu akitukana kwa Kijaluo. Nilikwenda kumsalimu kwa lugha hiyohiyo. Alishtuka, kisha akacheka, akanionyesha kigoda.

Jina lake Okwach, mtu wa Shirati. Mwaka huo, 1994, alikuwa na miaka arobaini na moja. Mbele yake kulikuwa na ubao mrefu mwekundu wa mninga, umechongwa shingo ya gitaa, na shingoni mwake yeye ilining'inia kamba ya nailoni yenye mafundo mengi.

Kwa miaka kumi na mmoja alipiga gitaa la besi kwenye bendi ya kiwanda cha kuchambua pamba. Kiwanda kilipouzwa, mwenye mali mpya hakutaka muziki. Vyombo vilipakiwa kwenye lori, wapigaji wakaambiwa wamepunguzwa.

"Mimi nilidhani kinachopunguzwa ni chumvi," Okwach alisema.

Tangu hapo alikuwa akibeba mapanki, mifupa ya sangara iliyobaki baada ya minofu kwenda Ulaya. Kisha, wiki moja kabla sijafika, ilikuja barua kutoka Geita. Ndalahwa, aliyekuwa akipiga gitaa la solo pamoja naye, alikuwa amepata baa ya wachimba dhahabu inayotaka bendi. Barua ilikuwa fupi, na Okwach aliijua kwa moyo: "Tunaanza Jumamosi. Nafasi ya besi ni yako, ila uje na besi yako. Ukija mikono mitupu, yupo Mkongo hapa anasubiri." Siku niliyomkuta ilikuwa Alhamisi. Ijumaa mchana alitakiwa awe kwenye kivuko cha kwenda Kamanga, njia ya Geita.

Mke wake alitoka ndani na bakuli la uji. Aluoch alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kusikika nyumba ya tatu.

"Shemeji mgeni, umeona?" aliniambia. "Huo ubao ni ubavu wa kitanda changu. Baba yangu alinipa nilipoolewa. Sasa nalala chini na watoto, kitanda kinakwenda Geita kucheza dansi."

"Mninga wa siku hizi ni mbichi, mama Favour," Okwach alijibu bila kuinua kichwa. "Huo umekauka miaka kumi na minne."

"Umekauka kwa jasho langu."

Alichonga mpaka jua likapinda. Funguo za kukazia nyaya zilitoka kwenye galatoni, gitaa la zamani lililopasuka. Nyaya nne zilikuwa zake mwenyewe. Alizinunua Kisumu zamani na kuzivua siku vyombo vilipochukuliwa. Vyuma vya kugawa shingo vilikuwa spoki za baiskeli, alizozigandisha kwa gundi. Kiwiliwili alikuwa amekimaliza tangu Jumanne, pamoja na kile kidude chenye sumaku kinachokaa chini ya nyaya na kunasa sauti. Alikuwa amekifunga kwa mkono, mizunguko elfu tano ya waya mwembamba kama unywele kutoka kwenye feni iliyoungua. Jioni aliunga shingo na kiwiliwili, akafunga nyaya.

Jirani yake Kashindye, mkulima, alikuja na redio kaseti yake ili wajaribu. Alikizunguka chombo kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Hiki nacho kinaitwaje?" aliuliza, kidole kwenye kile kidude chenye sumaku.

"Pikapu."

"Pikapu! Mbona sioni magurudumu? Mjaluo, utapakia nini humo?"

Okwach aliunganisha waya kwenye redio, akagusa uzi mnene. Redio ilitetemeka juu ya kigoda. Kashindye aliruka nyuma. Hata Aluoch alisimama mlangoni.

Kisha Okwach akaanza kupanda shingo, na uso wake ukabadilika. Noti za mwanzo zilikuwa karibu na ukweli. Kadiri vidole vilivyopanda, sauti ilizidi kubaki chini. Kwenye chuma cha kumi na mbili, ambapo noti inapaswa kuwa ileile ya waya usiobanwa ila juu zaidi, ilikuwa noti nyingine kabisa. Alijaribu tena. Alijaribu mara kumi. Mwishoni alikilaza chombo mapajani, akafunika uso kwa viganja.

"Spoki zimeshagandishwa," alisema. "Nikizing'oa, shingo inapasuka. Na kitanda kingine sina."

Nilimuuliza alivyopima. Alivua ile kamba. Siku ya mwisho ya bendi, kabla lori halijaja, aliinyoosha juu ya shingo ya besi ya kiwanda akapiga fundo kwenye kila chuma, na fundo la mwisho kwenye daraja, kile kipande cha chini kinachobeba nyaya. Ndivyo baba yake alivyopima nyavu. Hakuamini karatasi.

"Na mafundo hayakuteleza?"

"Yateleze wapi? Juzi niliichemsha, kama mzee alivyochemsha nyavu mpya, mafundo yakakaza."

Aluoch aliweka bakuli chini.

"Umeichemsha?"

"Nimekwambia."

"Baba Favour, wewe ni mtoto wa nani? Nailoni ikichemshwa si inanywea? Mama yangu alikuwa akishona nyavu, kila siku anapiga kelele, kateni ndefu, kateni ndefu, itanywea!"

Okwach aliinyoosha kamba juu ya besi yake. Mafundo yalikaa sawasawa juu ya spoki, moja baada ya jingine, lakini fundo la mwisho halikufika kwenye daraja. Lilikomea karibu inchi nzima kabla. Daraja alikuwa ameliweka kwa futi ya fundi cherehani, inchi thelathini na nne, kipimo anachokijua kila mpiga besi.

"Basi lisogeze hilo daraja lako liifuate kamba," Aluoch alisema. "Kamba imenywea yote, haikuchagua fundo."

Ijumaa asubuhi nilipotoka kulala kwenye basi, nilimkuta ameshalifungua daraja. Waya wa pikapu ulipita chini ya daraja hilo, na bisibisi ilikuwa imeukata, palepale unapoingia kwenye mizunguko. Aliitafuta ile ncha kwa sindano zaidi ya saa nzima. Akaipata, au alidhani ameipata, akailehemu kwa msumari uliopashwa kwenye mkaa. Kashindye, aliyemshikia pikapu, hakutania hata mara moja.

Alipounganisha redio, redio haikuwaka. Betri zilikuwa zimekwisha tangu jana. Duka la karibu lilikuwa na mishumaa na sabuni tu, na lori la mashudu linalokwenda mjini lilikuwa tayari linapiga honi barabarani.

Okwach aliegemeza taya lake kwenye ubao, akapiga chuma cha kumi na mbili, akasikiliza ndani ya mfupa.

"Noti ni yenyewe," alisema. "Sauti ya pikapu sijui."

Aluoch alikuwa amekunja shuka. Aliizungushia besi, akafunga kwa ile kamba ya mafundo, akakaza kwa goti.

"Ikinyamaza mbele za watu?"

"Mkongo ataendelea, mimi nitarudi."

"Kurudi kwenye mapanki."

"Ndiyo."

"Na ikilia?"

"Ikilia, hamtaniona mpaka Krismasi."

Aluoch alimtazama kama mtu aliyepewa vitu viwili vizito ashike kwa mkono mmoja. Kisha akamsukuma begani. "Nenda, lori linakuacha."

Alikimbia, besi kifuani kama mtoto mgonjwa. Mtu mmoja juu ya magunia alinyoosha mikono kuipokea. Okwach alikataa, akapanda nayo mwenyewe kwa shida, goti moja likiteleza. Mimi na Aluoch tulisimama kando ya barabara mpaka vumbi likatua.